Hema la Mtihani

Walisema sitaweza. Niliporudi kutoka Uarabuni, ambako nilibeba masanduku ghalani mpaka mgongo ukajifunza Kiarabu, nikatangaza sokoni Oyugis kwamba sasa nasomea stashahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha, na watu wakasema kichwa kilichopigwa na jua la jangwani hakishiki kitu. Leo cheti kiko ukutani, nyumbani kwangu mjini Migori, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni yeyote hupewa kiti kinachokitazama. Lakini kabla ya cheti kulikuwa na aibu, na heri niisimulie mwenyewe, maana wengine wakiisimulia huongeza chumvi (ingawa kusema kweli hakuna pa kuiongeza).

Masomo yetu yalimalizika kwa mtihani wa jumla, unaokusanya kila ulichofundishwa tangu siku ya kwanza. Ukianguka hapo, huna cheti. Shule moja ya Migori ilikuwa imeniahidi kazi, lakini kwa sharti la cheti. Sehemu ya kuandika haikunitisha. Iliyonitisha ni somo la mfano, ambapo ungesimama Homa Bay mbele ya watahini na kuwafundisha Kiswahili watu wazima wasiokizungumza sana. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kabati langu, na kabati halijawahi kujibu swali. Basi nikaamua kwenda kwetu, karibu na Oyugis, niwafundishe akina mama wa chama cha mama yangu, ambao huuza kwa Dholuo na kusali kwa Dholuo.

Mtu mwenye akili angewakalisha kwenye nyasi. Mimi, mtu niliyeiona dunia, nikasema hapana, darasa langu litakuwa na hadhi. Nikaazima hema la kanisa, viti vya plastiki, na sufuria kubwa ya chai. Sikumwambia mtu ni vya nini, maana nilitaka kuwaalika Ijumaa jioni kwa mshangao. Darasa lilikuwa Jumamosi, lakini vijana wa kanisa walikuwa na nafasi Alhamisi tu, kwa hiyo hema likasimama Alhamisi.

Nyinyi wa kwetu mmeshaanza kucheka. Hema likisimama uani Alhamisi na viti vikapangwa, hakuna anayeuliza kama kuna msiba. Watu huuliza ni nani, kisha hujiandaa kuzika Jumamosi. Hilo nimelijua tangu utotoni, ila kichwa kilikuwa kimejaa nadharia na mila ikakosa mahali pa kukaa.

Isitoshe, mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mbita kwa dada yake kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, na simu yake iliishiwa chaji. Yangu niliizima ili nisome. Asubuhi ya Ijumaa waliopita njiani waliniona nikizunguka hema peke yangu, taulo kichwani, macho mekundu, nikisema maneno na kutikisa kichwa. Nilikuwa nakariri nadharia. Wao waliona mtoto wa pekee aliyefiwa na mama.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Awuor, jirani yetu, rafiki wa mama tangu walipoolewa, akikimbia mikono juu, akilia ule mlio wetu unaovuka kilima. Nyuma yake wakaja wanawake wengine. Nilidhani aliyefiwa ni yeye na amekimbilia kwetu, nikamkumbatia. Kumuuliza mtu anayelia hivyo amefiwa na nani ni kukosa adabu, basi nikaona nitajua polepole, na kwa heshima nikaanza kulia nami (nalia vizuri, sijisifu).

"Alikuwa mtu mzuri," akaniambia kifuani.

"Sana," nikajibu. "Mungu amempenda zaidi."

Hapo nikawa nimethibitisha kifo cha mama yangu mzazi.

Watu wakajaa. Wakaja na kuku, unga, sukari. Mchungaji akafika, akaniombea mimi hasa, nikaona ananipendelea. Kisha baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, akaja na jembe akaniuliza tuchimbe upande gani. Nikamuuliza kwa nini tuchimbe kwetu ilhali marehemu ana boma lake. Akanitazama kwa huruma, akamwambia mchungaji kwamba uchungu umenipanda kichwani.

Wakati huohuo pikipiki ikasimama langoni na mama akashuka na gunia lake la omena. Akaona hema, akaona umati, na mwana anaye mmoja tu. Gunia likaanguka.

"Odhiambo wuoda," akalia, mwanangu, "vitabu vimekuua."

Waombolezaji wakageuka wakamwona marehemu akija mbio. Viti vilipinduka, baba mdogo akaruka ua na jembe lake, mchungaji akajificha nyuma ya nguzo ya hema. Mama akanifikia, akanishika uso, akanipapasa masikio kama anayepima hindi kama limekomaa, kisha akauliza nani basi amekufa. Watu wote walilitazama hema, halafu wakanitazama mimi.

Nikaeleza habari za mtihani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilingoja matusi, hata fimbo ya baba mdogo, ambaye sasa alichungulia kwenye ua. Badala yake mama alikaa chini akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, kisha akawaambia viti vipo, chai ipo, na huyu anatafuta wanafunzi, kaeni.

Wakakaa. Mungu awabariki, walikaa.

Nilikuwa nimeandaa somo la kununua tiketi ya ndege. Niliwatazama wale akina mama nikalitupa. Nikamwomba kila mmoja aseme kwa Kiswahili alikuwa akifanya nini aliposikia nimefiwa. Mama Awuor, ambaye siku zote husema hajui Kiswahili, alisimama akasimulia jinsi alivyoacha maziwa jikoni yakamwagika, maneno yakigongana njiani, na sikumkatiza, kwa sababu kila mtu alielewa na kila mtu alitaka kusikia mwisho. Nilikuwa nimekariri kurasa nyingi juu ya jambo hilo, na sasa ndipo nikaliona: mtu huipata lugha akiwa na jambo la kusema.

Homa Bay nilipewa watu wazima walionyamaza kama kabati langu. Nikawauliza nani amewahi kulilia kitu ambacho hakikutokea. Watahini ndio waliotunyamazisha.

Matokeo yalipotoka, nilinunua unga, sukari na kuku, nikapita nyumba kwa nyumba nikirudisha kila kilicholetwa, nikishukuru, nikiapa kwamba sitasimamisha tena hema Alhamisi, hata liwe la harusi. Mama alinifuata kuhakikisha silipi nusu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Awuor. Alimpima kuku mkononi akaridhika. Nikamwambia limebaki deni la machozi, na hilo sijui nitalilipaje.

"Hayo kaa nayo," akasema. "Siku mama yako akituacha usinitazame. Mimi nimeshalia."

"Thubutu," mama akasema nyuma yangu. "Yale yalikuwa mazoezi. Mtihani bado."