Viganja Kwenye Macho ya Mayu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kishapu msichana hakusalimia akiwa wima. Ulimwona mtu mzima, ukapiga magoti pale pale, hata kama ni kwenye miiba, ukasema "Mwangaluka," ukangoja aitikie. Mtu asiyeitikia salamu alitutisha kuliko fisi. Tuliambiwa ama ana kinyongo na wewe, ama anaongea na watu usiowaona.

Sasa mayu, mama yangu mzazi, akaanza kutoitikia.

Na si siku zote, hilo ndilo lililowachanganya watu. Ukikutana naye uso kwa uso, atakuuliza habari za nyumbani mpaka za ndama. Ukipiga magoti pembeni mwa njia, anakupita na mtungi wake kichwani kama amepita kisiki. Wenzangu kisimani wakaanza kuninong'oneza: "Kabula, mama yako ana maringo siku hizi." Jirani yetu Ng'wana Maduhu hakunong'ona. Mdomo wake haukuwa na mlango. "Nyanzobe amekuwa mke wa bwana mkubwa," alisema mbele ya mayu mwenyewe. "Sisi wengine ni nyasi tu."

"Sikukuona, mwenzangu."

"Mimi na unene huu?"

Watu wakacheka. Nani angemwamini mayu? Jioni alikuwa anatunga shanga, uzi unaingia kwenye sindano mara moja. Macho yake hayakuwa mekundu, hayakutoa tongo, hayakumuuma hata kidogo. Lakini akichuma pamba, vitumba vya pembeni alikuwa anaviacha vinaning'inia vyeupe, na mwimo wa mlango wa nyumba aliyoishi tangu aolewe ukawa unamgonga bega kila siku.

Mambo yakaharibika asubuhi alipompita baba mkubwa, kaka yake baba. Mzee alisimama kando ya zizi, akatangulia yeye kusalimia, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Mayu akapita. Baba mkubwa akapiga fimbo chini.

"Masanja! Mkeo ama ananidharau, ama ana mtu kichwani. Chagua moja."

Baba akachagua la pili, maana la kwanza lingevunja ndoa. Akaitwa mfumu, mganga wetu apigaye ramli kwa kuku. Akampasua kuku, akamchungulia matumboni na chini ya mabawa, nasi watoto tukimchungulia yeye kutoka nyuma ya ghala. Akasema, "Babu yake mama huyu amekuja. Amesimama nyuma yake, amemkinga macho kwa viganja, kimoja kulia, kimoja kushoto. Hana ubaya. Anataka kukumbukwa."

Ikapikwa pombe ya mtama, akachinjwa mbuzi, mayu akavishwa shanga nyeupe. Mfumu akaweka na mwiko: mtu yeyote asimwendee mama huyu kwa ubavuni, ataigusa mikono ya babu. Anayetaka kumsalimia azunguke, asimame mbele ya uso wake. Na hospitali marufuku, kwa kuwa babu hapendi sindano.

Basi, ndugu zangu, ikafanya kazi! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kila mtu akawa anazunguka, anasimama mbele, na mayu akawa anaitikia kila salamu kwa sauti ya furaha. Ng'wana Maduhu alikuja na kibuyu cha maziwa kuomba radhi. Baba mkubwa alitembea kifua mbele kijiji kizima. "Mmeona? Amepona!" Nami nikafurahi kuliko wote, maana nilirudishiwa heshima yangu kisimani.

Hakupona. Sisi ndio tuliohamia pale anapoona. Nikifikiri namna tulivyopanga miili yetu yote mbele yake ili ugonjwa usionekane, natamani kurusha kitu. Na mfumu wa watu hakudanganya. Giza lilikuwa pale pale aliposema, kulia na kushoto. Alilipa jina la babu, tukaridhika, tukala nyama.

Baada ya mavuno kadhaa viganja vilikutana. Nilimwendea mbele, nikapiga magoti, nikasema mwangaluka, naye akageuza uso huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi. Wanangu aliwajua kwa vidole vyake.

Mimi sikusoma. Kwa hiyo jina halisi la viganja vile nimelisikia nikiwa bibi mwenye wajukuu, siku binti yangu aliponipeleka hospitali Shinyanga mjini nikapimwe miwani. Daktari, msichana mdogo mwenye adabu, alinipima sana kuliko nilivyotegemea, kisha akaniuliza, "Bibi, kwenu kuna mtu aliyepofuka polepole, bila maumivu?"

Nikamwambia habari za mayu. Akavuta kiti, akanieleza. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Mara nyingi yakishindwa kutoka vizuri, presha inapanda, inauminya mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na uoni unaanza kufa pembeni. Wanaiita glakoma. "Kilichokufa hakirudi, bibi. Dawa inalinda kilichobaki. Wewe tumekuwahi. Na ndugu zako wa tumbo moja waje wapimwe, hata asiyeumwa chochote. Yeye hasa."

Nililia kwenye kile kiti, kwa hasira. Sisemi mayu angeponywa. Sijui enzi zile walikuwa na dawa gani. Lakini asingepewa sherehe ya kupona huku anapofuka.

Nimebakiwa na ndugu mmoja, mdogo wangu Shija, yuko Geita anasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha. Nikampigia siku ile ile.

"Dada, macho yangu hayaumi."

"Ya mayu yaliuma lini?"

"Halafu huku wanasema ukiona mbele tu, ni mizimu inakuelekeza kwenye mwamba wenye mali."

"Kumbe unaona mbele tu! Na bodaboda aliyekugonga juzi, mizimu ilishindwa kukuonyesha?"

Nilimsumbua mpaka mke wake akawa hapokei simu yangu. Mwisho akaja, akapimwa, akakutwa nayo, na upande mmoja umeshakwenda sana. Akapewa dawa ya matone. Nikamshukuru Mungu, nikadhani nimemaliza.

Haukuisha mwezi akanipigia. "Dada, nimeiacha. Nimeweka kila siku, sijaona mabadiliko."

"Kutobadilika ndiyo kazi yake, Shija!"

"Dawa gani hiyo?"

Na hapo ndipo ninapokwama, maana swali lake ni la haki. Sisi dawa tunaijua kwa kinachoondoka: homa imeshuka, mdudu ametoka, jipu limepasuka. Mfumu alitupa damu, shanga, kelele na mama anayeitikia salamu. Daktari anatupa kichupa kidogo, na ukikitii maisha yako yote, malipo yako ni kwamba kesho itafanana na leo. Nimwelezeje mtu anayegonga mwamba ili aone unang'aa? Mayu hakupofushwa na ujinga wetu peke yake. Tulikuwa tunapenda mno kuona kitu kimetokea.

Kwa hiyo nimeacha kumhubiria. Kila asubuhi nampigia kabla hajawasha karasha.

"Weka sasa hivi, nikisikia."

"Utasikiaje tone, dada? Kazi huna wewe."

"Kazi yangu ndiyo hii. Weka."

Kisha nasikia anavuta pumzi kwa meno. "Sss! Linawasha hili!"

Basi najua la leo limeingia.