Wananipima Siku ya Kwanza, Mimi Naugua Siku ya Pili

Admin, naomba usiweke jina langu wala la kituo ninachofanyia kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwandishi wa habari wa redio, mama wa watoto wawili. Naishi Miyuji, hapa Dodoma, na mume wangu ambaye ni mtumishi wa serikali. Kazi imenizoesha kueleza mambo bila kulia, kwa hiyo nitaeleza hivyo hivyo.

Mwaka juzi niliugua homa kali. Homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nikijitahidi leo, kesho mwili unazima: miguu inawaka moto, maneno yananipotea, mwanga wa dirishani unaniumiza, na hali hiyo inaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Daktari aliuita ugonjwa wa uchovu sugu. Kwa sasa naoga mwenyewe, napika nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nahariri habari chache nikiwa nyumbani. Ndizo nguvu nilizobaki nazo.

Ukweni kwangu ni Chamwino. Msimu wa kupalilia tunakwenda kwa mama mkwe Jumamosi, na mke wa mtu anayekaa kivulini wakati mama mkwe ameinama shambani hasemwi vizuri. Jumamosi moja nilishika jembe, nikapalilia mtama na wenzangu mpaka jua likawa kali. Nilijisikia vizuri kweli. Jioni tukarudi mjini. Jumapili kule hakuna anayelima, watu wako kanisani. Kwa hiyo walichokiona wao ni jembe tu. Hawakuniona Jumapili nikitambaa kwenda chooni.

Wifi yangu akapiga simu, mume wangu akaweka spika. "Huyu wifi yetu ana ugonjwa wa ratiba," akasema. "Jumamosi mzima, Jumapili mahututi! Hilo pepo lake linaogopa kengele ya kanisa?" Mume wangu alicheka. Nami nilicheka kidogo, maana nilikuwa sina nguvu ya kugomba.

Baada ya hapo Baba Neema, ndivyo ninavyomwita mume wangu, akanipeleka hospitali nikapimwe mwili ukiwa kazini. Unapanda baiskeli isiyokwenda popote, unafungwa barakoa inayopima pumzi, pedali zinaongezwa uzito mpaka ushindwe. Daktari alisema moyo na mapafu viko sawa, na uwezo wangu ni wa kawaida kwa umri wangu. Baba Neema alikuwa amekaa pembeni yangu. Tulipofika getini kwetu akasema: "Mama Neema, mashine haina undugu na mtu." Kesho yake alfajiri akasafiri kikazi kwenda Mpwapwa. Aliporudi alinikuta bado kitandani. Akasema nimesusa.

Nikaanza kusoma tafiti za kipimo hicho, kama ninavyosoma taarifa ya waziri: wamesema nini, wamemuuliza nani, nani hakuulizwa. Watafiti kadhaa waliwapandisha wagonjwa baiskeli siku mbili mfululizo. Mtu mwenye afya kwa kawaida hufanya siku ya pili karibu sawa na ya kwanza. Baadhi ya wagonjwa wa aina yangu walishuka siku ya pili, wakaanza kulemewa mapema zaidi. Lakini waliopimwa walikuwa wachache, matokeo hayafanani kila mahali, na waliozidiwa kabisa hawamo, kwa sababu mtu asiyeweza kukaa hapandi baiskeli. Kwa hiyo ukishuka, ni dalili. Usiposhuka, haina maana kwamba huumwi.

Nilimweleza Baba Neema yote hayo nikidhani ataelewa kwa nini siku moja haitoshi. Alichoshika ni siku ya pili.

"Kumbe kipimo kipo! Tunarudi, unapanda mara mbili, tunamaliza ubishi."

"Na nisiposhuka?"

"Basi huumwi."

"Nimekwambia si hivyo."

"Mama Neema, unataka kipimo au unataka kushinda?"

Nilimpigia daktari aliyenipima. Ni kijana, muungwana. Alisema, "Dada, kukupima naweza. Kukuhakikishia kwamba utarudi ulivyo sasa, siwezi. Wapo wanaochukua muda mrefu kurudi, na sijui wewe utakuwa yupi." Nikamwomba amwambie mume wangu maneno hayo hayo. Akamwambia. Baba Neema alimshukuru, akakata simu, akaniambia madaktari siku hizi wanaogopa lawama.

Juzi mama mkwe alikuja. Nilimwamkia nikiwa nimelala. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniambia kwa upole kwamba nikikataa kupimwa, itabidi nirudi kwa wazazi wangu nikapumzike mpaka nipone, na watoto atakaa nao yeye, wasinisumbue. Baba Neema alikuwa mlangoni. Nilimtazama aseme neno. Akasema, "Mama amesema."

Nikipanda, naweza kubaki nyumbani kwangu nikiwa siwezi tena kumsuka mwanangu nywele. Nikikataa, naondoka nikiwa bado naweza, ila mwanangu mwenyewe hatakuwepo wa kusukwa. Na nikipanda, uwezo wangu usishuke siku ya pili, wataniona mwongo, nami nitapoteza nguvu na nyumba kwa pamoja.

Miadi imeshawekwa, Jumanne na Jumatano. Jana nilimuuliza Baba Neema kama ameomba ruhusa kazini. Akasema ameomba Jumanne.

"Na Jumatano?"

"Jumatano si utakuwa umeshazoea? Utachukua bodaboda."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliowahi kuuguza au kuugua hivi, sihitaji pole. Niambieni moja tu: Jumanne nipande, au nikatae?