Mlango wa Uani

Bunge lilipoahirishwa, Dodoma ilibaki na sisi. Magari ya serikali yalielekea Dar es Salaam kwa msafara, hoteli zikaanika mashuka, na wauza zabibu wa kituo cha basi wakabaki kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Kesho yake ungeweza kutembea katikati ya barabara kuu bila kugeuka nyuma. Wengi niliofanya nao kazi wizarani walikuwa na nyumba hapa na maisha kule, na ndani ya nyumba zao kulikuwa na mapazia tu. Mimi nilikaa ndani ya nyumba yangu, jambo ambalo wao waliliona kama maradhi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalijaa, mitumba ikafika hadi vijijini, na serikali ikaanza kusema kwa sauti ya upole kwamba haiwezi tena kubeba kila kitu. Hospitalini watu wakaambiwa wachangie, shuleni wakaambiwa wachangie. Ndipo kikaanzishwa kituo chetu cha utafiti wa sera, nami nikaondoka wizarani kwenda kukiongoza. Kazi yetu ilikuwa kuishauri serikali namna makanisa na misikiti itakavyoweza kushika zahanati, visima na shule ambazo yenyewe ilikuwa ikiziachia. Tulikuwa na vyumba vichache, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, na naibu wangu.

Naibu wangu alikuwa mtu wa mjini hasa, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara waliofika zamani na misafara, na sijapata kumwona akila peke yake. Mchana alikwenda kwao, akala na ndugu, wapangaji na yeyote aliyekuwa akipita. Mimi nilikula ofisini, mkate na chai. Mke wangu alikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya shule za watoto, kama wake wa watumishi wengi. Nilikuwa mpweke. Nalisema sasa waziwazi, maana wakati ule nilikuwa nikisema nina kazi nyingi.

Kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba nilihesabiwa kuwa bingwa wa jumuiya. Jumuiya ni zile familia jirani za waumini zinazokutana Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mmoja wao, zikasali, kisha zikaulizana nani anaumwa, nani amefiwa, nani hasemi na mwenzake. Nilikuwa nimezitembelea za Chamwino, za Ihumwa, na za milimani kwetu Kibakwe. Nilijua kuliko padri namna zinavyouguza na kuzika watu wake. Lakini jumuiya ya mtaa wangu mwenyewe ilinishinda kuingia.

Si kwamba walinikataa. Laiti wangenikataa ningegombana nao, na ugomvi mimi nauweza. Walinipokea mno. Nikitokea tu mlangoni, watu wote wamekaa kwenye mikeka, sauti inasikika: "Leteni kiti!" Kiti kinaletwa, wakati mwingine kutoka nyumba ya pili, kinafutwa kwa khanga, kinawekwa mbele karibu na mwenyekiti. Inafuata soda. Wao wanakunywa chai ya rangi, mimi nanyweshwa soda asubuhi ile, katika baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba. Kisha mwenyekiti, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa treni, anasema, "Sasa tumsikilize Mkurugenzi atupe neno." Natoa neno, wanapiga makofi, tunafunga kwa sala.

Asubuhi moja nilisahau kofia, nikarudi kuichukua. Nikawakuta ndio kwanza wameanza. Wengine wanacheka, wengine wanabishana, mama mmoja anafuta machozi akisimulia ya mumewe. Waliponiona wakanyamaza wote, na mtu wa nyuma akasema, "Jamani, kiti." Nilichukua kofia yangu nikaenda zangu.

Mama yangu alikuja kutoka Kibakwe kwa sababu ya moyo. Daktari alitaka awe karibu na hospitali kubwa. Alikuwa amekula chumvi nyingi, mfupi, mkavu, asiye na subira na mambo ya kujionyesha. Siku aliyofika alizunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba. Akafungua mlango wa sebuleni, akaufunga. Akafungua wa uani, akauacha wazi, akakaa pale kwenye kigoda.

"Nyumba kubwa hii," akasema. "Nani huingia?"

"Watu huja, mama."

"Kwa mlango gani?"

Nikamwonyesha wa sebuleni. Akatikisa kichwa.

"Huo wa wageni. Mimi nakuuliza watu."

Akasema lililokuwa moyoni mwake bila kuzunguka. "Nikifa hapa, nani atachimba kaburi?"

"Usiseme hivyo, mama. Ofisi itatoa gari, tutakupeleka nyumbani."

"Nyumbani wenzangu wote wamelala makaburini. Na mimi sizikwi na ofisi. Nataka nizikwe na watu wanaonijua, na wewe uwe mmoja wao. Usije ukasimama pembeni na miwani yako ya jua."

Tangu siku ile nilijua anachokitaka, na nilijua sina cha kumpa. Moyo wake ulikuwa mbovu, hakuwa na miaka ya kunisubiri mimi nijifunze ujirani.

Yeye hakuhitaji kujifunza. Jumamosi ya kwanza alikwenda jumuiyani na fimbo yake, akanikuta nimekwisha kuwekwa kitini, akanipita kama hanijui, akaketi mkekani akanyoosha miguu. Nikataka kuteremka nikae naye. Mwenyekiti akaruka. "Hapana, mzee, utatuaibisha!" Mama alitazama ukutani.

Haikupita muda, wanawake wa mtaa wakawa wanapita uani kwangu kama kwao. Aliyezoea zaidi alikuwa mama mmoja mpana, muuza maandazi, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu kwa nyuma. Huyo hakungoja kuitikiwa. "Bibi, hodi!" na tayari yumo jikoni, anafunua chungu cha mlenda. Kwa mama yangu walisema "Mbukwa, bibi," wakapiga soga kwa Kigogo mpaka jua linazama. Nikirudi kazini wanasimama. "Shikamoo, mzee." Wanakusanya khanga zao na nyungo zao, wanaondoka. Basi nikajifunza kuchelewa. Nilikuwa nakaa ndani ya gari nje ya geti langu mwenyewe, kioo nimekishusha, nikisikiliza vicheko vya uani kwangu. Kigogo nimezaliwa nacho, kwa hiyo nilielewa kila kitu, na niliona wivu kama mtoto aliyenyimwa.

Kisha akafa fundi mmoja wa mtaani, mchomeleaji wa mageti. Mama akaniambia, "Kesho wanaume wanachimba. Nenda kachimbe." Nikaenda dukani nikanunua sululu. Kiangazi kile ardhi ya makaburini ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Nilivua koti, nikapiga mara moja, na kabla sijainua tena mkono wa mwenyekiti ukaushika mpini. "Mzee, jamani! Vijana wapo." Akanipeleka kivulini chini ya turubai, akaniketisha kando ya diwani.

Baada ya sala, mwili ukiwa umeshushwa, nikamsikia akitangaza: "Na sasa, neno la serikali." Nikamtazama diwani. Diwani akanitazama mimi. Mimi nilikwisha kutoka serikalini, kituo chetu kilikuwa cha kushauri tu. Lakini kwao mtu mwenye gari lenye nembo mlangoni ni serikali, basi, na waombolezaji wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Nikasimama, nikasema serikali inatoa pole. Nikakaa. Nyuma yangu mtu mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, kama serikali inafahamu kwamba zahanati haina dawa.

Nilipofika nyumbani mama alikwisha kusikia. Habari zilitangulia kwa mlango wake.

"Eti serikali imetoa pole," akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kifua. Mimi nami nikacheka. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Naibu wangu nilipomsimulia hakucheka. "Kiongozi," akaniambia, "mtaani kwako umewahi kuomba kitu? Hata kiberiti? Sisi kwetu mchana kutwa ni kuazimana. Wewe kila kitu unanunua, hata sululu. Watakujuaje?"

Nikamjibu kwamba sera yetu inahimiza watu kujitegemea. Akachukua kofia yake akaenda kwao kula.

Mama alifariki mimi nikiwa Dar es Salaam. Nilikuwa wizarani mbele ya wakurugenzi, nikisoma andiko letu kuhusu jumuiya za dini kama nguzo ya huduma za jamii, na walikuwa wakitikisa vichwa kwa kulikubali, ila wakilitaka fupi zaidi. Katibu muhtasi akaingia, akaniinamia sikioni kwamba kuna simu kutoka Dodoma. Alikuwa naibu wangu.

"Kiongozi, bibi ametutoka. Alikuwa uani na wenzake wanapepeta mtama, akasema anajiegemeza kidogo. Hakuwa peke yake." Akaongeza, "Usihangaike na gari la ofisi. Watu wameshafika."

Niliingia nyumbani kesho yake mchana na basi. Turubai lilikuwa limefungwa, moto unawaka, masufuria makubwa ya shughuli yametoka kwa kina naibu, na uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga kwa wingi wa wanawake. Kaburi lilikuwa tayari. Naibu wangu alinipa mkono, nikahisi malengelenge kwenye kiganja chake.

"Wamekuacha uchimbe?" nikamuuliza.

"Mbona hawakuniuliza kitu," akasema.

Mwenyekiti alinikumbatia, akalia kwa dhati, kwani alimpenda mama. Kisha akaniongoza mpaka mbele, na pale kilikuwapo kiti, kimetandikwa kitambaa cheupe. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Nilikaa. Walimwimbia mama kwa Kigogo nyimbo ambazo sikujua kama alizipenda. Mama wa maandazi alimlilia kwa kumtajia maneno yake mwenyewe, utani wake, namna alivyokuwa akisema mlenda wa mjini hauna mvuto. Walimzika watu wanaomjua, kama alivyotaka. Miwani ya jua niliiacha makusudi, lakini pembeni nilisimama.

Msiba ulipokwisha, mke wangu akarudi Dar es Salaam na watoto, shule zilikuwa zinafunguliwa. Majirani wakachukua mikeka yao. Kila asubuhi nilifungua mlango wa uani nikauacha wazi, kama alivyokuwa akifanya mama, na jioni nikaufunga. Hakuingia mtu. Nilijaribu kukaa sebuleni, nikaona kochi zimepangwa kama za chumba cha kusubiria, nikatoka. Mara kadhaa nilijikuta nimekaa garini nje ya geti, kioo kimeshuka, nasikiliza, na ndani hakuna hata mtu mmoja.

Alasiri moja ya Jumamosi nilikuwa nimekaa uani kwenye kigoda chake, bila la kufanya. Mara, "Bibi, hodi!" na mama wa maandazi yumo ndani, amekwisha kulipita jiko.

Tukatazamana. Akaziba mdomo kwa khanga.

"Samahani, mzee. Miguu imezoea."

"Karibu, mama."

"Hapana, hapana. Samahani sana."

Akageuka, akatoka alikotokea. Nikasikia kandambili zake zikizunguka ukuta wa nyumba, zikapita kwenye geti, zikapanda kibaraza cha mbele. Kisha kwenye mlango wa sebuleni, taratibu na kwa adabu zote, akabisha. "Hodi, mwenye nyumba?"

Moyo uliniuma kuliko siku ya maziko. Nilisimama. Niliwazia kochi lile, na soda iliyokuwa kwenye friji, na yeye amekaa ukingoni akiniita Mkurugenzi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Mlango huo haufunguki, mama," nikapaza sauti. "Ufunguo umepotea. Pita huku huku."

Nikasikia upepo tu, nikadhani ameondoka.

"Umepotea lini, mzee?"

"Tangu msiba."

Kandambili zikaanza kurudi, polepole. Akatokeza tena uani, akanitazama, akakitazama na kigoda. Alikuwa amekuja kuazima ungo wa bibi, akasema, kama hautasumbua. Nikautungua ukutani nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili, akaupangusa vumbi, akaanza kwenda zake.

"Mama," nikamwita. "Mama, kwako hakuna chumvi kidogo? Yangu imeniishia."

Aligeuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyonitazama usoni bila kuinamisha macho.

"Mwanaume gani wewe, chumvi inakuishia unakaa tu hapo?" akasema. "Ngoja nakuletea."

Alipopotea nyuma ya ukuta niliingia jikoni mbio, nikalificha kopo la chumvi kabla hajarudi.