Kusimama Mbele ya Mama

Goti liliniteguka uwanjani, chuoni Kasulu, kwenye mazoezi ya kawaida ya jioni ya mpira wa kikapu. Nilikuwa nakimbilia goli na mpira mkononi, beki akanijia mbele, nikajaribu kusimama ghafla kwa mguu mmoja. Mwili uliendelea kwenda, mguu ukabaki. Wenzangu walinibeba hadi kwenye bodaboda, na daktari akaniambia nipumzike mpaka uvimbe uishe.

Uvimbe uliisha. Kilichobaki ni woga. Kila nilipomkaribia beki nilitoa pasi haraka, hata pale ambapo njia ya goli ilikuwa wazi. Kocha wetu, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, aliniita pembeni siku tulipofunga chuo.

"Goti lako limepona, binti," alisema. "Ila hujui kusimama. Mbio unazo, kufunga unajua. Hapo katikati ndipo unapoumia."

Akanionyesha palepale kwenye saruji. Unakuja mbio, unaruka kidogo, unatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Unatulia. Beki akishapita au akisharuka, unapiga hatua moja, unapanda, unaugusisha mpira ubaoni. Akaniazima mpira mmoja uliochakaa, nikapanda nao basi la Kibondo.

Mama aliniona nashuka na mpira kwapani. Hakuuliza habari za safari.

"Na hicho nacho umekuja nacho?"

"Nimeazimwa, mama."

Tulikuwa tunaishi wawili tu. Mama aliletwa Tanzania akiwa mgongoni mwa bibi, wakitokea Burundi, akakulia hukuhuku, akapata uraia, akalima maharage na mihogo mpaka nikasoma. Alikuwa amenisihi kwa simu niuache mchezo huo. Hata hivyo hakuuficha mpira. Asubuhi alikunja turubai la maharage upande mmoja wa ua, akaenda jikoni. Nilielewa kwamba nafasi ile ameniachia mimi.

Goli halikuwepo. Nilichora alama kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, nikaanza. Mbio, kuruka, kutua. Vumbi jekundu lilinipanda hadi magotini. Mara nyingi mguu mmoja ulitangulia, ule mzima, kwa sababu ule mwingine sikuuamini. Mama alikuwa anapepeta, akinitazama kwa jicho la pembeni.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Kisha akauliza, "Huko uwanjani unakimbia peke yako?"

"Hapana. Kuna mtu anakuzuia."

"Mbona hapa hayupo?"

Akainuka, akakaza kitenge kiunoni, akaja kusimama katikati ya ua na ungo ameuinua juu ya kichwa. "Niambie nisimame wapi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Nikampanga mbele ya ukuta, nikarudi nyuma, nikamjia. Sikufika. Nilisimama mbali naye, karibu na jiko.

"Njoo karibu," alisema.

"Nitakugonga, mama."

"Buhoro, mwana wanje. Taratibu. Njoo."

Nilimjia tena, na safari hii nilimwona usoni. Alikuwa amefumba macho. Nikatambua kwamba hakuwa anaogopa kugongwa. Alikuwa anasubiri kusikia naanguka. Na bado alikuwa amesimama pale.

Nikaruka, nikatua kwa miguu yote miwili, karibu kiasi cha kusikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. Goti lilikunjika na kukunjuka bila kulalamika. Nikapiga hatua moja kando yake, nikaupeleka mpira kwenye ile alama ya mkaa.

"Umeshafika?" aliuliza, macho bado ameyafumba.

"Nimeshapita, mama."

Tulifanya hivyo likizo nzima, jua lilipopoa. Kuna jioni aliacha kufumba macho. Sikumwambia kwamba nimegundua.

Chuo kilipofunguliwa tulicheza na timu ya wasichana kutoka Kigoma mjini. Mama alikuja Kasulu kuuza maharage na karanga sokoni, akapitia uwanjani na kukaa kwenye nyasi na kiroba chake. Mwishoni mwa mchezo nilipata mpira pembeni, nikaingia. Beki wao, msichana mrefu, alinijia kwa kasi. Nikatua miguu miwili, nikatulia. Yeye akaruka juu, akanipita, akaenda kuangukia nje ya mstari. Nikapiga hatua moja, nikagusisha ubaoni, mpira ukaingia. Wenzangu walinirukia. Tulikuwa tumeshafungwa kwa pointi nyingi, lakini kocha alipiga makofi kana kwamba tumetwaa kombe.

Nilimkimbilia mama nikitaka pongezi. Alikuwa anatazama upande mwingine.

"Yule dada aliyeanguka," alisema, "hakuumia?"

"Sijui, mama."

"Twende tukamwone."

Tulimkuta anafunga begi. Mama aliinama, akamgusa goti, akamwuliza kama linauma. Msichana alishangaa kidogo, kisha akatabasamu.

"Niko salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akamjibu, akafungua kiroba na kumtolea karanga, kiganja kizima.