Sinema za Mvua na Tafsiri ya Baba

Enzi zetu pale Ruwi, nchi ya Waarabu wazee wetu walikohamia kutoka Unguja, majirani walikuwa na filamu za Kihindi zenye nyimbo na bustani. Sisi zetu zilikuwa na Mzungu anayeosha vyombo.

Wa kulaumiwa ni Ami, mdogo wake baba, aliyekwenda kusoma Uingereza akaselelea hukohuko. Badala ya kuja mwenyewe alileta kanda za video: sinema za Kiingereza za miaka ya sitini na sabini, hazina rangi, mvua tupu, dohani za viwanda, na watu wanagombana mbele ya sahani ya viazi. Alituandikia kwamba hayo ndiyo maisha ya kweli. Tukamwamini, na kwenye dua tukamwombea apate jua.

Kila Alkhamisi baada ya Alasiri, mama alikaanga bajia, kahawa ikapita, na Bibi, mamake baba, akakaa mbele kabisa. Baba ndiye aliyefasiri, na tafsiri yake ilikuwa na adabu kuliko sinema yenyewe. Watu wakikumbatiana, alisimama mbele ya kioo cha televisheni kutengeneza nyaya zisizo na ubaya wowote. Msichana akivimba tumbo bila mume, baba alisema ana safura. Safura ilipozaa, hakubabaika: "Wameoana jana. Hatukuonyeshwa tu."

Kanda moja Bibi aliitaka kila wiki. Kijana wa kiwandani anagombana na mamake, anabeba sanduku, anapanda treni. Mwishoni mama yuko peke yake anakunja nguo, na kijana yuko mji mwingine, ameinamia meza anaandika.

"Anamwandikia mamake," baba alifasiri. "Anarejea sikukuu."

"Alhamdulillahi," Bibi alisema. "Hebu rejesha nyuma hapo, mwanangu."

Sikukuu zikapita nyingi. Bibi akafariki, Ami hajarudi.

Juzi, nyumbani kwangu Hail, nimeipata sinema ile kwenye simu. Nimeiangalia na mwanangu, ambaye kizazi chake hukimbiza filamu mbiombio kama wamechelewa ndege, na aliyeuliza kwa nini yule mama asipige simu tu. Chini ya kioo maneno yalipita yote, yamefasiriwa. Kijana hakuwa akiandika barua. Alikuwa anajaza karatasi ya kubahatisha matokeo ya mpira.

Nikaendesha gari mpaka Al Amerat, kwa dada yangu, anakoishi baba sasa. Nikamwambia, "Baba, ulimdanganya Bibi."

Baba akasema, "Bibi yako alilea watoto wa Kizungu Unguja miaka saba. Kiingereza akikijua kunishinda. Nimekuja kuambiwa na shangazi yako siku ya hitima yake."

"Sasa mbona akikuacha ufasiri?"

"Mie ndiye niliyemhimiza Ami yako ende. Yeye mwenyewe hakutaka. Nna hakika Bibi yako alikuwa akinionea huruma."

Nililia njia nzima ya kurudi, mtu mzima na nywele zangu nyeupe.

Siku hizi maandishi hayamwonei mtu haya wala huruma, na mwanangu anaelewa kila neno bila kunihitaji mimi. Nakionea wivu chumba kile cha Ruwi, watu wawili wakisitiriana mbele ya televisheni na sisi tunatafuna bajia. Mwezi ujao mwanangu anakwenda kusoma Uingereza. Yeye hakutaka sana. Fomu nilimjazia mimi.