Biskuti za Lozi Zilizomsimamisha Shangazi

Shangazi wa mchumba wangu aling'ata biskuti yangu, halafu akanikamata kidole gumba kama polisi anayechukua alama za vidole.

"Hiki ndicho kilichobonyeza hizi biskuti?"

Wadau, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Tulieni niwaelezee.

Mimi ni kinyozi. Nanyoa, na nikinyoa natunga. Hakuna aliyenifundisha vina wala mizani, nimejifunza mwenyewe nikiwa na mashine mkononi, na nikishusha beti wateja husahau hata kujiangalia kwenye kioo. Sijisifu. Naeleza hali halisi.

Mchumba wangu anauza kwenye duka la dawa mkabala na saluni yangu. Tulipendana kwa kuangaliana barabara ikiwa katikati. Kazi ilikuwa kwa shangazi yake.

Huyu mama ndiye aliyemlea, na kauli ya mwisho ni yake. Kabla yangu alishakuja jamaa mwenye gari, shangazi akamuuliza kama anajua kuosha sufuria. Jamaa akacheka. Shangazi hakucheka. Habari yake ikaishia hapo.

Siku niliyopelekwa kutambulishwa, nikashusha shairi la nguvu. Nimefika ubeti wa pili, shangazi akanyanyua mkono.

"Kijana, maneno yanatosha. Mikono yako inajua nini zaidi ya kunyoa?"

Hapo ndipo mori uliponipanda. Mimi kuulizwa swali kama hilo!

"Shangazi, mikono hii inaweza kila kitu."

"Kila kitu?"

"Chochote. Wewe taja tu."

Mchumba wangu alinikanyaga chini ya meza. Nikadhani ni mahaba.

Shangazi akatabasamu. "Basi Jumamosi niletee biskuti za lozi zenye jemu katikati. Uzioke nyumbani kwenu, kwa mikono yako. Ukifaulu, tutaongea mambo ya ndoa. Ukininunulia dukani nitajua, na mlango utakuwa ule."

Nikacheka. Biskuti? Biskuti ni kitu gani mbele ya mtu anayepanga vina?

Jumamosi asubuhi nikafunga saluni, nikaingia jikoni.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mzee wangu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Mzee ni fundi pancha, mtu wa maneno machache. Kupika kwetu ni kuchemsha na kukaanga, basi. Oveni tunayo, lakini tulikuwa tunahifadhia masufuria.

Nikaanza na lozi. Unazimwagia maji ya moto, zikilainika unaminya, ngozi inavuka. Hivyo ndivyo mchumba alivyonielekeza kwa simu. Hakuniambia kwamba ukiminya kwa hasira, lozi inaruka kama risasi. Ya kwanza iligonga dirisha. Ya pili ikampata mzee kisogoni, sebuleni, anatazama mpira.

"Wewe! Unanirushia mawe?"

"Ni lozi, baba!"

"Mtu mzima unachezea chakula!"

Nikasaga zilizobaki. Nikachanganya siagi na sukari, nikatia kiini cha yai, unga wa ngano na unga wa lozi. Nikakanda. Nilikanda kama nagombana na mtu, huku naghani. Donge likakubali. Nikalionja bichi. Wallahi, nilijipigia makofi.

Ndipo nikachukua kisu nikatekate lozi za kupamba juu. Nilikuwa natafuta kina cha mwisho, macho yako kwenye dari.

Kisu kikapita kwenye dole gumba.

Nikapiga yowe. Mzee akaja, akanisafisha, akanifunga plasta nene kama soksi. Kidonda kidogo, lakini balaa lake kubwa: biskuti hizi lazima uzibonyeze katikati kwa kidole gumba, lile shimo ndipo inapokaa jemu. Nikajaribu kwa mpini wa kijiko, zikapasuka. Nikajaribu kifuniko cha soda, zikabaki na meno kama gia ya baiskeli.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Pisha."

"Baba, hii ni kazi ya ufundi."

"Nimesema pisha."

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaviringisha donge viganjani, akaliweka kwenye trei, akabonyeza. Lingine. Lingine. Jamani, yule mzee alibonyeza kama karani anayegonga mihuri! Hakuna hata moja iliyopasuka. Kisha akachota jemu kwa ncha ya kijiko, tone, tone, tone, hakuna iliyomwagika pembeni.

"Baba, hivi umejifunzia wapi?"

"Mpira wa tairi na unga ni mambo yale yale. Washa oveni."

Zilipoiva, nyumba nzima ilinukia mpaka jirani akagonga kuuliza kuna sherehe gani. Zilikuwa za dhahabu pembeni, jemu nyekundu inang'aa katikati kama taa. Nikazipanga kwenye boksi. Nikavaa shati jeupe. Njiani natembea kama mtu aliyeachiwa ufalme.

Na kichwani, wadau, zilikuwa biskuti zangu. Zangu peke yangu. Mzee nilishamfuta kabla sijafika kona.

Nilipoingia sebuleni kwa shangazi, sikukaa. Nikafungua boksi, nikakohoa, nikashusha:

*Biskuti nimezioka, kwa mikono yangu miye,*
*Lozi zote nimesaka, jemu nyekundu nitiye,*
*Binti yako namtaka, shangazi unipatiye.*

Mchumba wangu akapiga vigelegele. Shangazi akachukua moja, akang'ata.

Akaigeuza ile iliyobaki, akailaza kiganjani. Akachukua nyingine, akaitazama shimo. Akachukua nyingine tena. Ndipo akanikamata kidole kama nilivyowaambia.

"Toa plasta."

"Shangazi, kuna kidonda…"

"Toa!"

Nikatoa. Akaweka kidole changu juu ya biskuti. Changu kimenyooka kama rula. Lile shimo lilikuwa limepinda upande, limekaa kama korosho. Na mashimo yote yako hivyo, boksi zima!

"Nakuuliza mara moja tu. Nani amebonyeza?"

Nilimtazama mchumba wangu. Kicheko kilishamtoka usoni, macho yamejaa maji. Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni na viatu vyake mkononi. Ningeweza kubisha. Ulimi wangu haujawahi kushindwa kubisha. Lakini yale macho yalinimaliza.

"Baba yangu. Mimi nilikanda na kusaga, nikajikata. Yeye ndiye aliyebonyeza na kutia jemu."

Nikasubiri kuonyeshwa mlango.

Shangazi hakuonyesha mlango. Alikaa kitini, biskuti bado iko kiganjani.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi pancha."

"Na kabla ya pancha?"

"Kabla ya pancha mimi sikuwepo, shangazi."

"Mpigie. Aje sasa hivi."

Nikapiga. Nikamwambia, "Baba, njoo, mambo yameharibika." Akaja mbio na ovaroli lake, mkononi kashika spana, akidhani nimepigwa.

"Nani kamgusa mwanangu?"

Shangazi akasimama.

"Hamira?"

Spana ikadondoka. Mzee wangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akishtuka hata tairi likipasuka usoni pake, alifunga kifungo cha juu cha ovaroli.

"Kipimo?" akasema.

Mimi na mchumba wangu tukatazamana. Hamira? Kipimo? Hawa wanaongea lugha gani?

Kumbe ujanani walifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mikate na biskuti. Shangazi alipima unga, ndiyo maana ya Kipimo. Mzee alisimamia hamira. Siku moja mashine ya kukandia ikamvunja mzee kidole gumba, kikapona kimepinda, na aliyekuwa anamfunga bandeji kila asubuhi ni shangazi. Tangu hapo kila biskuti aliyoibonyeza ilikuwa na lile shimo la korosho. Mzee mwenyewe anajua ni nani aliyekuwa akiwekewa chache pembeni.

"Siku kiwanda kinafungwa," shangazi akasema, mkono kiunoni, "uliniambia nikusubiri getini, unakwenda kununua chumvi."

Mzee akakuna kichwa.

"Foleni ilikuwa ndefu."

Weeee! Tulicheka mpaka mchumba wangu akakaa sakafuni. Shangazi alijitahidi kununa, akashindwa, akampiga mzee kofi la bega, machozi na kicheko vinamtoka pamoja. Mzee akaeleza taratibu: alienda kuomba kazi mji mwingine ili arudi na la kusema akija kuposa, aliporudi akakuta kila mtu kahama. Akatafuta. Maisha yakampeleka, akaoa, akanipata mimi. Shangazi yeye hakuolewa. Kila aliyekuja alimpa mtihani.

Nikaona wamenisahau. Nikakohoa.

"Na mimi je?"

Shangazi akanigeukia. Akaokota biskuti nyingine, akaitafuna polepole, ananitazama.

"Unga umekandwa kwa hasira. Mgumu. Lozi umesaga vizuri. Uongo wako umekaa kwenye shairi dakika chache, ukautoa mwenyewe kabla sijakufukuza. Binti nitakupa."

Nikaruka!

"Lakini," akaongeza, "wakubwa kwanza."

Nikadhani anatania. Hakutania. Mzee wangu kaoa kabla yangu! Mimi niliyekwenda kuomba mke, nikarudi nyumbani nikiwa sina mke ila nina mama.

Yule aliyenikamata kidole sasa ananiita "mwanangu" na ananiambia nifagie vizuri chini ya meza. Mzee amekuwa mwongeaji, huwezi kumnyamazisha, kila Jumamosi kaingia jikoni anapiga miluzi. Mimi nilioa baadaye, na hadi leo wateja saluni wananiuliza: huyo ni mama yako, ni shangazi, au ni mkweo? Nawajibu vyote, kaeni tuli msije mkakatwa sikio.

Funzo langu ni moja, vijana wenzangu, hasa nyinyi wenye vifua vikubwa kama changu. Ukisaidiwa, sema umesaidiwa.

Hujui aliyekusaidia anatafutwa na nani.