Ukucha kwenye Ganda la Msaji

Asubuhi yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kitalu cha Kasongo kabla ya wafanyakazi wote, nikasimama langoni nikijiuliza kama kuwahi mno nako si kosa. Nilikuwa nimetoka tu shule ya kilimo, cheti cha muniteri, yaani mwelekezi wa kilimo, mfukoni, viatu vinabana. Kipwa kilikuwa kimeanza, ndicho kiangazi chetu: mvua imekatika, ukungu unalala bondeni hadi jua lipande, watu wanaota moto wakiwa wamejifunika vitenge. Si baridi ya kuua kitu. Lakini bustani hubadilika sura, na asiyeizoea hudhani imefiwa.

Kitalu ni mahali pa kulelea miti michanga kabla haijapelekwa shambani. Safu yetu kubwa ilikuwa ya misaji, mti wa mbao ngumu uliotoka nchi za mbali. Mkubwa wangu wa kwanza, Bwana Agronome, Mzungu mtaalamu wa kilimo, ndiye aliyeiotesha kutoka mbegu. Alinifundisha jambo moja kabla ya kwenda kukagua mashamba ya pamba upande wa Wamaza.

"Kwetu Ulaya, wakati wa baridi, miti inabaki mifupa tu," aliniambia. "Mama yangu alikwaruza ganda kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, muti iko hai. Ukiona kahawia, basi." Akakwaruza mche mmoja kidogo, nikaona kijani kibichi kinang'aa. "Nikiwa safarini, bustani iko mukononi mwako. Muti hata moja isipotee."

Hakwenda mbali misaji ikaanza kupukutisha majani. Ndiyo desturi yake wakati wa kipwa, na shuleni nililisoma hilo, lakini kusoma ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine. Nilikwaruza kila mche asubuhi. Mchana niliwaza: je, kama kijani kile kilikuwa cha mwisho? Nikakwaruza tena.

Kapita wetu, yaani msimamizi wa vibarua, alikuwa Mzee Saidi, Mwislamu wa Kabambare, mtu wa maneno. Alinitazama siku kadhaa, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Muniteri, unaichuna kama mbuzi wa sikukuu. Kipwa hakitaua hii miti. Kucha zako zitaiua."

Akanifunga kitambaa kwenye kidole gumba, akakaza fundo. Vibarua wakacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa.

Kwa kuwa kidole kilifungwa, ilinibidi nitumie macho. Hapo ndipo kazi iliponiingia. Jani linapoanguka huacha kovu kwenye shina, na juu ya kovu kuna chipukizi dogo lililofumba; sisi huliita jicho la mche. Niliyaona macho hayo, madogo kama punje za ulezi, yamenona na yana manyoya laini yanayoshika umande. Nilifunua matandazo, yale majani makavu tunayofunikia udongo, nikakuta chini kuna unyevu na nyuzi nyeupe za mizizi mipya. Bustani nzima ilikuwa macho, imenyamaza tu.

Basi asubuhi moja akapita Bwana Administrateur, mkuu wa eneo zima. Alikuwa anatazamia mgeni mkubwa.

"Fimbo hizi ni za nini?"

"Ni misaji, Bwana."

"Imekufa. Ng'oa yote, choma, panda maua. Nitarudi alasiri."

Akaenda. Vibarua wakaegemea majembe wakinitazama. Nikitii, ninaharibu nilichokabidhiwa. Nikikataa, ninarudi kwa baba yangu na cheti changu, kazi hata sijaizoea. Niliyageuza hayo kichwani mpaka jua likasimama.

"Muniteri," akasema Mzee Saidi, "tuchimbe ao tukae?"

Nikamuuliza, "Mzee, kwenu mtu akizimia, wanawake wanapiga kilio papo hapo?"

"Hapana. Tunangoja mujomba. Ni yeye anaweka mukono kifuani. Akisema amekwenda, ndipo tunalia. Ukilia yeye hajasema, unalipa mbuzi."

"Hata kwetu ni hivyo. Na mjomba wa miti hii yuko Wamaza."

Mzee Saidi akaweka jembe chini. "Basi tukae."

Alasiri mkuu aliporudi nilimweleza yote, mjomba na mbuzi pamoja. Bwana Administrateur hakucheka. Nilifungua kitambaa, nikamwonyesha jicho la mche, kisha nikakwaruza mara moja tu. Kijani. Akavua miwani, akainama, akajaribu mche mwingine kwa ukucha wake mwenyewe.

"Mujomba akirudi akisema imekufa," alisema akijifuta kidole, "utaondoka pamoja nayo."

Mjomba alirudi macho ya miche yakiwa yameanza kufumbuka. Alitembea safu yote, kisha akagusa mikwaruzo.

"Nani amefanya hivi?"

"Panya," akajibu Mzee Saidi haraka.

"Panya mwenye cheti," akasema Bwana Agronome, akaniambia kesho nianze kufundisha vibarua kutambua macho ya miche.

Baadaye nilipelekwa Kabambare, kisha Nyangwe, chini ya wakubwa wakali na wapole. Kila kipwa niliwaambia vijana wangu maneno yale yale: tazama kwanza, ukucha baadaye. Wasiwasi haukuniacha, ila nilijifunza kuutuma kazini.

Sasa nimepumzika. Asubuhi za kipwa naketi uani nikiota jua, macho nimefumba, sijongei. Jirani hupita nyuma ya ua na kumwuliza mke wangu, "Mama, muzee iko muzima?"

Mke wangu huja, hunikwaruza kiwiko kwa ukucha, akatazama kwa makini.

"Iko kijani," humjibu. "Musimuite mujomba."